Niliitikia Tisa

"Hapana, Mama, Kapteni anajua kuhesabu," nikasema. "Anajua kabisa."

Mama ya beste yangu akaniangalia kutoka upande ule mwingine wa kitanda. "Kama anajua, mtoto wangu alikuwa namba gani? Sufuri?"

Hiyo ilikuwa leo saa saba, saa ya kuona wagonjwa. Naandika sasa hivi kabla giza halijaingia, kwa sababu nikingoja nitaanza kujipamba.

Beste amelala kwa hiyo wodi wiki ya tatu. Mguu wa kulia umevutwa juu na kamba, na mwisho wa kamba vyuma vinaning'inia. Daktari alisema hata ukipona utabaki mfupi kuliko ule mwingine. Mwezi ujao polisi wanaandika makuruti, na hiyo ndiyo ilimfanya ajiunge na klabu yetu ya kupanda milima: alitaka pumzi ya kukimbia. Mimi nilitaka tu kutoka mtaa wetu wa Komarock siku moja, nione kitu kirefu kuliko tangi la maji.

Klabu ilianzishwa na mtu tunayemwita Kapteni. Anafanya kazi kwa kiwanda cha mabati huko Industrial Area, mashine zinapiga kelele kutwa nzima. Siku ya kwanza alipatia kila mtu namba yake. Kila tukisimama anaita "Namba!", anaanza yeye na moja, na kila mtu anapaza yake mpaka kumi na mbili. Haangalii vichwa, anasema vichwa vinatembea. Anataka sauti. Beste alikuwa tisa, mimi kumi.

Tulipanda Longonot Jumamosi moja, wiki tatu zilizopita. Huo mlima ulikuwa unatema moto zamani, na njia yake ni jivu tupu. Unapanda hatua mbili unateleza moja. Tukafika ukingoni tukiwa weupe kama watu wa kusaga unga posho mill. Huko juu njia inazunguka shimo lenyewe, na kilele kiko upande wa pili. Nilikuwa nimeapa nitafika hapo. Tuliwahi kwenda mlima mwingine mara mbili na tukarudi njiani, sababu ya mvua, sababu ya mtu na viatu vyake vya kanisa. Nilikuwa nimechoka kurudi njiani.

"Nimebanwa," beste akaniambia. "Sasa nikojoe wapi? Huku shimo, huku shimo."

"Si kichaka hiyo? Na uharakishe, wewe si bibi harusi."

Akacheka, akashuka nyuma ya kichaka. Hapo hapo wingu likaanza kufunika kilele. Kapteni akasimama mbele, mgongo kwetu, akiangalia hilo wingu, na macho ya wengine wote yakawa huko.

"Namba! Na akikosekana mtu, tunarudi wote."

Zikaanza kuja. Saba. Nane. Halafu kimya.

Pale shuleni, beste aliniitikia mara ngapi? Foleni ya maji mtaani ilikuwa inanichelewesha, mwalimu anasoma rejista, na yeye anageuza sauti anasema "Niko!" Mimi pia nilimfanyia. Ilikuwa ndio urafiki wenyewe. Kwa hivyo sikufikiria hata. Nikabana pua, nikaita "Tisa!" kwa sauti nyembamba, halafu "Kumi!" kwa yangu. Kumi na moja, kumi na mbili. Tukaenda. Nilijua atatufikia.

Alipotoka kichakani wingu lilikuwa limeshuka. Hakuona mtu. Akafuata kijia kilichoenda nje ya mlima, ukingo wa jivu ukakatika chini yake, akaanguka kwa korongo. Sisi tulifika kileleni. Kapteni akaita namba, na baada ya nane hakukuwa na kitu.

"Si nilimsikia?" akauliza. "Nyinyi hamkumsikia?"

Wote wakasema walimsikia.

Tulimpata jua likianza kushuka. Alikuwa ameacha kulia. Tulimbeba kwa majaketi yaliyofungwa kwa fimbo, na kila tukiteleza alitoa sauti ambayo sitaiandika hapa.

Leo Kapteni alikuja wodini na machungwa. Mama akayachukua, akayatupa kwa ndoo ya takataka mbele yake. "Kesho naenda kuandikisha stetimenti polisi. Ulimuacha mtoto wangu kama mbuzi."

"Aliniacha tu, mathe," beste akasema, akiangalia dari.

Kapteni hakujitetea. Nilimfuata mpaka geti, akasimama, akashika sikio lake.

"Labda nilisikia vibaya. Hizi mashine zimenimaliza masikio, hata bibi yangu analalamika. Wewe ulikuwa karibu naye. Niambie ukweli. Ulimsikia akiita?"

Na mimi, niliyemaliza sekondari, fom foo nzima na cheti changu, nikasema, "Nilimsikia, Kapteni."

Akashukuru. Alinishukuru! Akaondoka akipiga vidole karibu na sikio, upande huu, halafu upande ule, akijipima.

Kesho asubuhi sitaenda kwa Kapteni kwanza. Huyo atanisamehe haraka, na mimi nitaridhika nirudi nyumbani. Nitaenda soko la Burma, pale mama ya beste anauzia watu wa asubuhi supu ya vichwa vya mbuzi. Anafika saa kumi na moja na nusu, na kabla ya saa mbili atakuwa amevua aproni aende polisi. Nitafika akiwa bado anawasha makaa. Sitangoja wateja waishe, kwa sababu hawaishi. Nitamwambia wakiwa hapo na bakuli mkononi, na akinirushia hiyo supu, nitasimama. Halafu kama bado anaenda polisi, tutaenda pamoja, na jina atakaloandikisha litakuwa langu.