Cheni ya Kundelungu

Ninyi vijana wa leo munapima kiwanja na simu, munamaliza, munaenda kunywa. Mimi nilianza kazi ya topo, ni kusema kupima ardhi, juu ya mulima wa Kundelungu, ndani ya ukungu. Mupaka leo nikikumbuka siku ile roho inaruka.

Tuliacha camion, lori letu, tukapanda kutoka upande wa Kasomeno, tukitembea borne kwa borne. Borne ni jiwe la sima linaloonyesha mupaka. Mwanamuke nilikuwa peke yangu. Marehemu baba alikuwa mutu wa reli, na baba wadogo walisema mulima si kazi ya binti. Lakini mama na wadogo zangu walikuwa wananitegemea mimi tu. Chef wa brigade, mukubwa wetu, alinipima kwa macho. "Mama, minakupatia leo tu. Ukishindwa, camion ya kesho inakurudisha Lubumbashi."

Cheni ya kupimia ilikuwa ya chuma, ndefu. Wa mbele anashika kichwa chake pamoja na jaloni, muti wa rangi nyekundu na nyeupe. Wa nyuma anashika mukia. Mimi niliwekwa mbele. Mukia ulikuwa na Yaya Kabamba, yaya ni kusema kaka mukubwa, mutu wa Manono, mupole lakini mubishi. Aliniambia, "Mu ukungu usisikie kinywa, sikia cheni. Nikivuta mbili, simama. Nikivuta tatu, kuya, rudi kwangu."

Baridi iliuma masikio. Na mimi nilikuwa na furaha ya kijinga, natembea mbele ya wanaume wote, nusura niimbe.

Mchana ukungu ulishuka ghafula. Sikuona hata viatu vyangu. Nikasimika jaloni, nikasimama, meno yanagongana. Mara nikasikia sauti ya chef, wazi kabisa, mbele yangu: "Mama, kuya! Tunaacha kazi, kuya huku!"

Nani anakataa mukubwa siku ya kwanza? Nikainua muguu. Cheni ikavutwa mbili. Nikaushusha. Chef akaita tena, sasa kwa hasira. Nikasema moyoni, basi, camion ya kesho njo yangu. Cheni ikavutwa mbili tena, kwa nguvu. Nikabaki pale pale.

Upepo ulipofungua ukungu, mbele ya jaloni hapakuwa na kitu. Mulima ulikuwa umeishia pale. Chini kabisa miti ilionekana midogo sawa lengalenga, mboga ya bustani. Na chef alikuwa nyuma yangu, karibu na Kabamba. Korongo njo lilikuwa linarudisha sauti yake. Kabamba alisikia cheni inakazika, akajua ninaenda mbele, si kwao.

Chef alikuja polepole, akachungulia chini, akavua kofia.

"Nilikuita. Juu ya nini haukukuya?"

"Cheni ilikataa, chef."

Alirudisha kofia kichwani. "Basi camion ya kesho itarudi bila weye."

Nilipiga vigelegele peke yangu, na korongo likaniitikia.

Baadaye nilipima barabara, viwanja, na parking za malori kule Kasumbalesa, chini ya maingénieur wakali na wapole. Sasa niko pensheni, hapa Naviundu, na goti moja linagoma. Ila mungeniambia kesho tunapanda, ningetafuta viatu.

Juzi tulimuzika Yaya Kabamba. Wakati wa kushusha sanduku niliomba nishike kamba moja, wanaume wakanipisha. Sanduku lilipofika chini nilivuta mbili, polepole, kisha nikaiachia.