Nilivyokaa Benchi la Akina Mama Haydom

Niliondoka nyumbani, kijijini Daudi, kwa sababu ya shati. Mke wangu alikuwa akifua, akaona doa la damu upande wa kushoto, usawa wa chuchu. Nikamwambia dume limenipiga pembe. Hakubisha. Tulipokaa kula alinyoosha mkono akanishika palepale, akakuta nilichokuwa nakificha tangu tulipopanda mahindi: uvimbe mgumu, hauumi, umezidi ukubwa wa harage.

"Baba Yosefu, huu ni kama ule wa dada."

Dada yake, shemeji Paulina, aliwahi kukatwa titi kwa sababu ya saratani, na mpaka leo analima. Nikacheka. "Ule si ugonjwa wenu wanawake?"

"Daktari ndiye akuambie hivyo. Mimi sitakuambia."

Asubuhi, ukungu ungali umelala juu ya mashamba, nilipanda gari la Mbulu mjini, kisha la Dongobesh. Mke wangu alibaki kwa kuwa ng'ombe alikuwa karibu kuzaa, lakini alishampigia dada yake simu.

Dongobesh nilimkuta Paulina akinisubiri mlangoni kwake. Nilimwamkia shikamoo, maana ni mkubwa kwangu. Aliniwekea ugali na maziwa mgando, akasubiri nishibe.

"Unauma?"

"Hauumi."

"Hata wangu haukuuma. Ndiyo maana nilichelewa. Kesho tunakwenda wote hospitali ya Haydom."

Nililala kwake nikiwa nimetulia kidogo. Tangu niuone ule uvimbe, yeye alikuwa mtu wa kwanza kuuzungumzia bila kunishangaa.

Njia ya Haydom inashuka, baridi ya kwetu inaisha, na upande wa kusini mashariki unauona mlima Hanang umesimama peke yake. Basi lilikuwa na wagonjwa wengi, nasi tuliteremka nao wote hospitalini.

Nje ya chumba cha magonjwa ya matiti kulikuwa na benchi refu lililojaa akina mama. Nilisimama ukutani kama mtu aliyemsindikiza mgonjwa. Muuguzi akamwita Paulina: "Mama, mgonjwa ni wewe?"

"Mgonjwa ni huyu hapa," Paulina akajibu kwa sauti ya kusikika.

Wote wakanigeukia. Nilitamani kurudi stendi. Ndipo mama mmoja mfugaji kutoka uwanda wa Hanang, mwenye bangili za shaba mikononi, akasogea, akapiga benchi kwa kiganja. "Kaa, baba. Wewe unaumwa kama sisi." Nikakaa. Akaniuliza mvua ya Daudi, nikamuuliza malisho ya kwao. Mpaka zamu yangu inafika, aibu ilikuwa imeniacha.

Daktari alikuwa dada mdogo kwa umri. Aliniamkia, akanipima, akachukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano ili kipelekwe maabara. Nikamuuliza lililokuwa likinisumbua: mwanaume anapataje saratani ya titi?

"Baba, wanaopata wengi ni wanawake, wanaume ni wachache sana. Lakini na mwanaume ana nyama ya titi, hata kama ni ndogo. Shida ni kwamba hao wachache wanakuja wamechelewa, kwa sababu wanasema haiwahusu. Zipo nyingine ambazo huku kwetu nawaona zaidi wanaume, kama ile ya njia ya chakula. Ugonjwa unaweza kupenda upande mmoja bila kuusamehe mwingine."

Nilirudi Daudi kusubiri. Siku zile mke wangu hakuniruhusu kukaa bila kazi. Alinipa mbegu nichambue, akakaa kando yangu. Simu ya hospitali ilipoita, alisikiliza pamoja nami. Ilikuwa saratani, lakini haijasambaa.

Safari ya pili tulikwenda wote watatu. Niliogopa chumba cha upasuaji kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote. Nilipozinduka nilimwona mke wangu ameshika mguu wangu juu ya blanketi, Paulina amesinzia kitini. Kifua kilikuwa kimefungwa bandeji, nami nilikuwa hai. Nikalia, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Kurudi nyumbani tulikwenda polepole kwa sababu ya kidonda. Nina dawa za kumeza na tarehe za kurudi kupimwa. Najua nimeokolewa na wanawake: aliyenigusa, aliyenisindikiza, aliyenipisha benchi, na yule daktari aliyenipima kisha akanikata. Nawashukuru wote, na yule wa bangili namwombea, maana hata jina lake sikuuliza.

Jumapili moja baada ya ibada nilisimama nikayasimulia haya mbele ya wanaume wa kwetu. Baadhi walicheka. Kesho yake, kabla sijamaliza kukamua, jirani yangu Bura alikuja akasimama mlangoni mwa zizi. Alizungumzia bei ya mahindi, akazungumzia barabara. Kisha akashusha sauti.

"Hivi, mke wako ulimwambiaje?"

Sikumuuliza anaumwa nini. Nilimwambia aende akamwambie mke wake sasa hivi, kabla jua halijapanda, kisha arudi tupange siku. Nikamwambia benchi lile nalijua, na nitakaa naye.