Mstari wa Ikweta Hauachwi Wazi

Senge Agneta, yaani shangazi, dada wa baba, alikuwa karani wa hali ya hewa Kitale. Mimi niliacha shule darasa la sita, kwa hivyo kazi yake niliijua kwa kuangalia na kunyamaza. Mwaka 2005 alipewa karatasi za upepo uliopimwa na satelaiti, juu sana, karibu kilomita mia. Satelaiti hiyo inaona upepo ukienda kando tu. Ule wa kupanda na kushuka unapigiwa hesabu: hewa ikitawanyika pande zote, lazima nyingine iingie kutoka juu ama chini.

Kwa karatasi hizo za wanasayansi wa nje, mstari wa ikweta, hapa kwetu, ulikuwa wazi, hauna nambari. Hesabu yao inakwama hapo.

"Ati upepo ukifika kwetu unaenda likizo?" Senge akasema. Akaujaza kwa njia yake, ikatoka nambari kubwa ajabu.

Mkubwa wake, Bwana Kagwe, akamcheka. "Madam, kwa hesabu yako hata Mlima Elgon umepeperushwa! Jumatatu ripoti inaenda. Acha wazi."

Jumamosi Senge alikuja kijijini kwetu Mabanga amenuna. Tukatoka kupepeta wimbi. Asubuhi upepo unatoka mlimani. Mchana unageuka, unatoka upande wa ziwa. Ulipogeuka, nikahama upande kama kawaida. Senge hakuhama. Makapi yakamjaa kwa nywele.

"Woi! Nimechanganya!"

Satelaiti ilipita asubuhi na jioni, na yeye alikuwa ameunganisha zote kama upepo mmoja. Mtu wa kupepeta tangu utotoni! Akaketi kwa gunia, akatoa karatasi zake, akatenga asubuhi peke yake, jioni peke yake, za siku arobaini. Jumapili hakuenda kanisani. Ikatoka nambari ndogo: sentimita chache kwa sekunde.

Jumatatu nilimsindikiza, nikakaa kwa benchi ya ofisi.

"Kitu ndogo hivi, madam? Si uache tu."

"Ndogo si sifuri, bosi."

"Na ukikosea tena?"

"Ile ya kwanza nilikosea, nimekuonyesha mahali. Hii pia nikikosea nitakuonyesha. Lakini ikiachwa wazi, utaikosoa aje?"

Bwana Kagwe akasukuma karatasi. "Basi jina lako pekee. Langu usiweke. Na kandarasi yako inaisha mwezi huu, unajua."

"Najua. Leta kalamu."

Akajaza mstari, akaandika Agneta Nasike kwa herufi kubwa, akikandamiza mpaka jina likatokea kwa karatasi tupu ya chini. Hiyo ya chini nikaikunja, nikarudi nayo Mabanga.