Enid Staniforth na Vyuma Vilivyochoka Mapema

Enid Staniforth aliingia kwenye maabara yetu ya chuma pale Sheffield akiwa na miaka kumi na saba, akapewa msasa na kiti. Nilipoajiriwa mimi, mwaka 1966, alikuwa na arobaini na moja, na bado alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile. Kazi yake ilikuwa kung'arisha vipande vya chuma, vyembamba kama kidole, kabla havijafungwa kwenye mashine za kupima uchovu. Mashine hizo huzungusha kipande huku zikikipinda kidogo, mara mamilioni, mpaka kivunjike au sisi tuchoke kusubiri. Chuma nacho huchoka, kama mtu.

Enid alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mikono mikavu. Alikuwa akisugua kipande kwa urefu wake, kutoka ncha hadi ncha, huku akimsimulia yeyote aliyekuwa karibu habari za dada yake na waume zake watatu.

Masika ya mwaka ule wakubwa wakanunua mashine ya umeme ya kung'arishia. Ilizungusha kipande, msasa ukakibana, dakika nne kikatoka kinametameta. Enid akahamishiwa mezani kuandika hesabu za mizunguko. Kwa wiki nzima hakuna aliyesikia habari za dada yake.

Wakati huohuo Dokta Crispin Wardle, kijana mrefu aliyetoka chuo kikuu na tai mbili tu, alikuwa amemaliza miaka mitatu akitafuta chuma kipya cha ekseli za treni. Vipande vyake vilitakiwa vizunguke mara milioni kumi. Vikaanza kuvunjika kabla ya milioni moja, kimoja baada ya kingine. Kamati ilikuwa ikutane baada ya siku kumi kuamua kama utafiti ufungwe. Wardle akaacha kula. Mkate wake wa nyama ukawa unarudi nyumbani mzima.

Asubuhi moja Enid akamwendea na trei ya vipande vilivyovunjika.

"Dokta, umeviangalia hivi?"

"Nimeangalia hesabu zake, Bi Staniforth. Zinatosha kunitia huzuni."

"Hesabu nimeziandika mimi, nazijua. Nasema viangalie vyenyewe. Shika hiki kioo."

Wardle akakishika kioo cha kukuzia. Kwenye kila kipande palikuwa na mikwaruzo myembamba iliyokizunguka kama pete, na ufa ulikuwa umeanzia kwenye mojawapo.

"Hiyo mashine inasugua kwa kuzungusha," Enid akasema. "Inauchorea ufa njia ya kupita. Mimi nasugua kwa urefu."

Wardle akakirudisha kioo taratibu. "Hiyo mashine ndiyo iliyokutoa kwenye kiti chako. Watu watasema una wivu nayo."

"Ninao. Naichukia mashine ile kuliko shemeji yangu wa pili. Lakini je, ufa nao una wivu?"

Mzee Horace Bagshaw, mkuu wa karakana, aliyekuwa akinywa chai pale pembeni, akacheka mpaka akajimwagia chai kwenye suruali.

Ndiye aliyetoa njia. Vipande kumi na viwili vya chuma cha Wardle: sita kwa mashine, sita kwa mkono wa Enid. Bagshaw akavipa namba yeye mwenyewe, akaificha orodha, ili Enid na Wardle wasijue kipi ni cha nani. Jumatatu saa tatu asubuhi mashine kumi na mbili zikawashwa pamoja.

Kufikia chai ya saa kumi vilikuwa vimevunjika vitano. Jumanne kikaanguka cha sita. Jumatano asubuhi kikavunjika cha saba, na Enid akapauka. Vitano vilivyobaki vikaendelea kuzunguka, na jioni, kabla hatujavaa makoti, vikavuka milioni kumi.

Bagshaw akaleta orodha na kuisoma bila haraka yoyote. Sita vya kwanza vyote vilikuwa vya mashine. Cha saba kilikuwa cha Enid.

"Kwa hiyo nami si malaika," Enid akasema.

Wardle alikwisha kikata kile cha saba na kukiweka chini ya hadubini. "Kina taka ndani, imetoka tanuruni. Hiyo ni ya kwangu, Enid, si yako." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Kisha akauliza kama kuna aliyebakiza chochote cha kula.

Kamati ikaongeza miaka miwili. Wardle alipoandika ripoti akaweka majina mawili juu yake, na mkurugenzi alipouliza huyu wa pili ana shahada gani, akajibu, "Hana. Ana haki."

Mkurugenzi akaona aibu, akamruhusu Enid kwenda chuo cha ufundi kila Alhamisi, kwa gharama ya maabara. Alisoma miaka mitano darasa moja na vijana waliomwita shangazi. Alifeli hisabati mara mbili, akalia chooni, akarudi, akafaulu. Akiwa na miaka arobaini na saba akawa mtafiti, mwenye ofisi na kibao mlangoni. Jina walilikosea, wakaandika Staniford, naye akakataa lisahihishwe. Alisema mwenye jina hilo ndiye atakayelaumiwa mambo yakiharibika.

Kila msomi mpya aliyekuja na shahada yake, Enid alimkalisha wiki mbili na msasa kabla hajagusa mashine yoyote. Walinung'unika wote. Na wote waliondoka wakijua habari za dada yake, ambaye kufikia hapo alikuwa na mume wa nne, mwoka mikate wa Rotherham, mtu mwema sana.