Meza Iliyopimwa Bila Watu

Siku niliyoripoti kazini kwa mara ya kwanza sikushika patasi wala randa. Fundi Mkuu alinipeleka katika klabu moja ya zamani kando ya ziwa, jengo lenye sakafu ya mbao, akanionyesha kona moja ya meza ya mchezo na kuniagiza nisimame pale bila kusogea. Yeye akawa anaingia chini ya meza, anatoka, anapima, anarudi tena chini. Nilisimama hadi miguu ikafa ganzi. Nilipouliza kazi yangu ni ipi, alinijibu akiwa huko huko chini.

“Ni hiyo hiyo, kijana. Kuwa mzito.”

Niliyachukua maneno hayo kuwa dhihaka, kwa kuwa wakati huo nilikuwa mwembamba sana. Niliyaweka moyoni kama kero ndogo ya siku ya kwanza, na kwa muda wa kazi yangu yote sikuyafikiria tena.

Fundi Mkuu alikuwa mzaliwa wa Mwanza, wa familia ya Kihindi iliyofanya biashara ya mbao mjini tangu enzi za babu yake. Alizungumza Kiswahili kwa ufasaha, na Kisukuma cha kutosha kutaniana na wauza samaki. Hakuwa mtu wa kueleza. Alionyesha jambo mara moja, akanyamaza, na aliyeona aliona. Kwake nilijifunza ufundi wa meza za michezo: kwanza zile kubwa za klabu, kisha, mchezo wa pool ulipoenea mitaani, hizi ndogo ambazo vijana wa leo wanazifahamu.

Asiyeujua ufundi huu hudhani meza ya pool ni ubao uliovikwa kitambaa. Chini ya kitambaa kuna jiwe. Meza ndogo huwa na bamba moja la jiwe. Kubwa huwa na matatu yanayounganishwa juu ya kiunzi cha mbao, na maungio yake hujazwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa, kisha hukwanguliwa hadi ukucha upite bila kukwama. Kitambaa huvutwa kuanzia katikati kwenda pembeni, na vinyweleo vyake sharti vilale upande mmoja, la sivyo mpira unaokwenda polepole hupotea njia. Usawa huja mwisho. Fundi huchukua pimamaji, kifaa chenye kiputo cha hewa ndani ya kioo, na kupenyeza kabari nyembamba chini ya bamba hadi kiputo kitulie katikati kwa kila upande. Hapo ndipo mpira mweupe hutembezwa taratibu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Fundi Mkuu alisema kwamba kiputo ni shahidi wa kwanza na mpira ni shahidi wa pili, na kwamba hakuna meza inayofunguliwa kwa ushahidi wa mmoja.

Baada ya miaka minne nilihamishiwa Bukoba, kisha Musoma, kisha Geita. Mabamba ya Geita tuliyavusha kwa kivuko cha Kigongo yakiwa yamesimamishwa kwa ubavu na kubanwa kwa magodoro, maana bamba likilazwa garini hupasuka kwenye shimo la kwanza la barabara. Siku hizi kuna daraja, na mafundi wanavuka bila kushuka garini. Bamba bado linapaswa kusimamishwa.

Meneja wa Kanda, aliyesimamia meza zote za kampuni yetu katika mikoa ya ziwa, alikuwa mtu wa haraka. Kila alipopiga simu aliuliza, “Imekwisha?” Nami nilimjibu siku zote, “Imekaa sawa.” Baada ya muda akaelewa kwamba hayo mawili si jambo moja, akawa anauliza tu, “Imekaa?” Naona huo kuwa ndio upandishwaji cheo wa maana zaidi niliowahi kupata.

Katika vituo vyote hivyo nilifanya kazi juu ya saruji. Baa, kumbi, vibanda vya mitaani: saruji. Sakafu ya saruji haina habari na mtu aliyesimama juu yake. Nalitaja hili kwa kuwa ni sehemu ya maelezo, wala silitaji kama udhuru.

Kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa kuandaa meza ya fainali ya mashindano makubwa ya wachezaji wa kulipwa yaliyofanyika Mwanza. Katibu wa Mashindano alitaka kila mtu ukumbini aone, kwa hiyo aliagiza meza iwekwe juu ya jukwaa la mbao lililoinuliwa kufikia goti. Niliifunga meza, nikaipima asubuhi ukumbi ukiwa mtupu. Mashahidi wote wawili walikubaliana. Baadaye Katibu akapandisha makochi ya wageni waalikwa jukwaani, safu mbili, yote upande wa ziwani. Niliketi nikayatazama makochi hayo yakijaa watu wenye miili yao, na hayakuniambia kitu.

Mchezaji wetu alikuwa kijana wa Butimba aitwaye Magesa, ambaye mashabiki walimwita Rula kwa jinsi mipira yake ilivyonyooka. Uchezaji wake ulikuwa wa upole: aliupa mpira mwendo wa kuufikisha tu shimoni, usizidi hapo. Mpinzani wake, mgeni kutoka Dar es Salaam, alipiga kwa nguvu, mipira ikaingia kwa kishindo. Walifungana hadi fremu ya mwisho, yaani mzunguko wa kuamua. Rula akabakiza mpira mweusi peke yake, ule wa kumalizia fremu, kwa umbali ambao yeye huumaliza huku akizungumza na watu. Akaupiga kwa mwendo wake ule ule. Mpira ukaenda vizuri, na ulipokaribia kufika ukaanza kuvuta upande wa ziwani, ukagusa mdomo wa shimo, ukasimama. Mgeni akainuka akamaliza.

Ukumbi uliguna. Wageni waalikwa wakateremka kwenda kukabidhi kombe, na baadhi ya mashabiki wakaanza kulalamika kwamba meza ilikuwa mbovu. Nilipanda jukwaani na pimamaji yangu. Nikaiweka kwa urefu, nikaiweka kwa upana, nikawaita wasogee ukingoni mwa jukwaa waone wenyewe. Kiputo kilikuwa katikati. Nikasema kwa sauti iliyofika nyuma ya ukumbi, “Meza yangu haina kosa.” Nilikuwa na hakika kamili.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kunyoa Mkolani, mtaani kwangu, nikawakuta wakibishana. Kinyozi, aliyebandika picha ya Rula juu ya kioo chake, alikuwa anamtetea: kukosa ni kukosa, hakuna mchezaji asiyekosa. Petro, dereva wa bodaboda aliyekuwa akisubiri zamu yake, hakukubali.

“Shikamoo, mzee,” alinisalimu Petro.

“Marahaba.”

“Afadhali umekuja. Mwambie huyu. Meza ulipima mbele yetu, kiputo katikati. Mpira ule hata mke wangu angeutia. Sasa Rula alikosaje kama hakupewa kitu kidogo?”

“Wewe umewahi kushika fimbo ya pool,” kinyozi akamuuliza, “au unashika usukani tu?”

“Nashika usukani, lakini sijawahi kulikosa lango la stendi.”

Watu wakacheka. Mwingine akasema kwamba Rula amevimba kichwa tangu magazeti yaanze kumwandika. Mwingine kwamba mkono ulitetemeka. Kila hoja ilirudi mahali pamoja: mzee alipima, meza haina kosa, basi kosa ni la Rula, na kosa la namna ile halitokei bure. Niligundua kwamba sentensi yangu ya jukwaani ndiyo iliyokuwa msumari wa jengo lote. Nilinyolewa, nikalipa, nikaondoka.

Jambo hilo lilikuwa zito kuliko mabishano ya kwa kinyozi. Kamati ya uteuzi ilikuwa ikutane siku ya Ijumaa kuchagua wachezaji wa kwenda kushindana nje ya nchi, na Katibu alikwisha kunidokeza kwamba mchezaji anayesemwa ameuza fainali hatapewa jezi, hata kama hakuna anayeweza kuthibitisha.

Alhamisi nilikwenda ukumbini na wapagazi wanne kuifungua meza. Kwa mazoea nilikuwa nimeiweka pimamaji juu ya kitambaa. Wapagazi wakapanda jukwaani kwa pamoja upande wa ziwani ili tuliinue bamba, nami nikaona kiputo kikitoka katikati, polepole, kama mtu anayeondoka kikaoni bila kuaga. Nikawaomba washuke. Kiputo kikarudi. Nikawaomba wapande. Kikaondoka tena.

“Vipi, mzee, tunainua au hatuinui?” mmoja akauliza.

Niliketi kwenye ukingo wa jukwaa. Nilimwona Fundi Mkuu akiwa chini ya meza ya klabu, mimi nimesimama konani nimenuna. Hakuwa ananidhihaki. Alijua sakafu ile ya mbao ingebonyea watu wakiizunguka meza, na alinisimamisha pale ili aipime kama itakavyochezewa. Nilikuwa kipimo chake. Alinionyesha mara moja, akanyamaza, nami sikuona.

Nakiri kwamba nilikaa pale kwa muda. Wapagazi wale hawakuelewa walichokisababisha. Ningewaambia wainue, meza ingefunguliwa, na mimi ningestaafu nikiwa fundi ambaye meza yake haikuwahi kukutwa na kosa. Hata hivyo hesabu yake haikuwa ngumu. Mpira wa nguvu hauhisi mteremko mdogo kama ule. Mpira wa upole huuhisi mwishoni, unapoanza kuchoka. Ndicho kilichotokea, mbele ya macho yangu, na nilipopanda kupima wageni walikwisha kuteremka. Niliwaambia wapagazi waache kila kitu kilivyo, nikampigia Katibu.

Kamati ilikuja ukumbini Ijumaa asubuhi, kabla ya kikao chake. Nilikuwa nimeomba makochi yarudishwe mahali pale pale. Mwenyekiti wa Kamati, mwalimu mkuu mstaafu mwenye kupenda utaratibu, aliuliza wajumbe wanatakiwa kufanya nini.

“Kazi yenu leo ni kuwa wazito,” nilimwambia. “Ketini.”

Waliketi wao, wakaketi na wapagazi, na kinyozi niliyemwalika, na Petro pia, ambaye alichagua kochi la mbele. Niliutembeza mpira mweupe kwa mwendo wa Rula, kuelekea shimo lile lile. Ukanyooka, ukachoka, ukavuta upande wa ziwani, ukagusa mdomo wa shimo, ukasimama. Nikaurudia mara tatu. Kisha nikawaomba wote washuke, nikautembeza tena, ukaingia.

Katibu alinivuta kando.

“Mzee, makochi niliyaweka mimi. Tuandike kwamba jukwaa lilikuwa na hitilafu, yaishe.”

“Makochi uliyaweka mbele ya macho yangu,” nilimjibu. “Fundi wa usawa nilikuwa mimi. Andika kwamba meza ilipimwa bila watu, na kwamba aliyepima ndiye aliyetangaza haina kosa. Nitatia sahihi.”

Aliandika, nikatia sahihi. Jina la Rula likabaki katika orodha. Petro alikwenda kwa kinyozi mchana ule ule kulikana neno lake, akaanza siku hiyo hiyo ubishi mpya: kwamba mchezaji wa daraja lile alipaswa kuuhisi mteremko tangu mwanzo na kupiga kwa nguvu zaidi. Kinyozi akamwambia atafute lango lingine la kulikosa. Wanabishana hadi leo, na Petro safari hii ana hoja.

Swali hilo nilimuuliza Rula mwenyewe alipokuja nyumbani kuniaga kabla ya safari yake. Alinisalimu kwa heshima, akakaa, akakubali chai. Nilimwomba radhi kwanza. Kisha nikamuuliza kama hakuhisi chochote.

“Nilihisi, mzee. Fremu ya tatu niliona mpira unavuta kidogo.”

“Mbona hukubadilisha mwendo?”

Alizungusha kikombe mkononi kabla ya kujibu. “Nilidhani ni mkono wangu. Meza ilikuwa yako.”

Kijana yule aliutilia shaka mkono wake, uliompa jina na riziki, kabla ya kuitilia shaka kazi yangu. Nimepokea barua za shukrani kutoka kwa mameneja watatu na ninazihifadhi, lakini hakuna aliyewahi kuniamini kiasi hicho, wala hakuna imani iliyowahi kunigharimu hivyo.

Nimestaafu sasa. Naishi Mkolani, nalima mchicha nyuma ya nyumba, na mafundi wa siku hizi hunijia wanapokwama. Wana vipimo vya kisasa vinavyoonyesha usawa kwa tarakimu, na ni vizuri. Nawafundisha habari za nta, za vinyweleo, za bamba kusimama kwa ubavu. Fundi Mkuu alionyesha mara moja akanyamaza. Mimi naonyesha, naeleza, kisha naeleza tena, hata kama naonekana mzee mwenye maneno mengi. Meza ikiwa tayari, kiputo kikitulia na mpira ukinyooka, wanapoanza kukusanya vifaa vyao huwazuia. Nainuka kitini, naizunguka meza hadi konani, nasimama pale kwa mwili wangu wote wa uzeeni, ambao leo hauna wembamba wowote, nami nawaambia wapime upya.