Shamba Lisilofunga

Mwalimu Sadala alikuwa na pua ya kunusa wizi wa mitihani, na mwenyewe alijisifia pua hiyo. Miaka yote aliyofundisha hesabu pale sekondari, nje kidogo ya Mkata, hakuna aliyewahi kuficha kikaratasi kwenye soksi akapona. Basi matokeo ya nusu muhula yalipobandikwa, Kidato cha Tatu B wakawapita A, darasa lake mwenyewe, hakuuliza wamejifunza nini. Aliuliza nani kawapa.

B walifundishwa na Mwalimu Yusta, mgeni kutoka Hale, binti wa watu wa mashamba ya mkonge, bado yuko kwenye muda wa matazamio. Na ufundishaji wake sasa, loo! Sadala alikuwa akipita dirishani makusudi. Mwalimu anaandika swali moja ubaoni, halafu anakaa. Kimya! Watoto wanachora, wanabishana, kelele kama mnadani, wengine kwa Kizigua kabisa, naye anazunguka akiuliza, "Umejuaje?" Mwalimu gani anamuuliza mtoto umejuaje? Sadala yeye aliandika kanuni, akatoa mfano, darasa likanakili, kisha likafanya mazoezi yanayofanana na ule mfano. Hesabu ni njia. Ukiishika njia unafika, maneno ya nini?

"Yule hajui hesabu, Mkuu," alimwambia mkuu wa shule, Mzee Erasto. "Anajificha nyuma ya kelele. Mtihani kawapa yeye."

Mzee Erasto alikuna kidevu. "Una ushahidi? Hili likifika wilayani, binti wa watu hana kazi."

"Nitauleta. Njia ya mwongo ni fupi."

Akatunga jaribio peke yake, akalikunja na kulitia mfuko wa shati. Hata mkewe hakuliona. Swali la kwanza alilifanya la kuwapasha moto tu. Shamba la pembetatu lina pande za mita thelathini, arobaini na themanini. Linazungushiwa uzio, nguzo moja kila baada ya mita mbili. Zitahitajika nguzo ngapi? Unajumlisha, unagawanya kwa mbili, sabini na tano. Hata aliyesinzia darasani angepata.

Na A walipata. Wote! B hakupata hata mmoja. Sadala alisahihisha huku akicheka peke yake kwenye chumba cha walimu, na kila alivyofunua karatasi za B ndivyo alivyozidi kunogewa. Karibu wote walikuwa wameandika jambo lile lile, tena kwa Kiswahili, kwenye jaribio lililoandikwa kwa Kiingereza: shamba hili halifungi. Halifungi! Jibu gani hilo? Wamekopiana, akasema moyoni, na juu ya kukopiana wamefundishwa jeuri.

Hakungoja kusahihisha maswali mengine. Alibeba karatasi zote mpaka ofisini kwa Mkuu, na Yusta akaitwa.

"Mwalimu Yusta, nini hii?"

Yusta alisoma karatasi ya juu, akasoma na swali. Sadala alimkazia macho akiutafuta woga, na woga aliuona.

"Samahani, Mwalimu," Yusta akasema. "Ulilichora kabla ya kuwapa?"

"Nichore nini? Swali la kujumlisha hilo!"

"Si ulichore tu tuone," akasema Mzee Erasto.

Sadala akauendea ubao wa ratiba kwa hasira, akafuta pembeni. Kila mita akaipa sentimita moja. Chini akachora themanini. Ncha ya kushoto akapandisha thelathini, ya kulia arobaini. Mistari haikukutana. Akafuta, akailaza kidogo. Wapi! Akailaza mpaka ikalalia ule mstari wa chini, na bado katikati pakabaki pengo la sentimita kumi.

"Mbuzi wanapita hapo," akasema Mzee Erasto, ambaye mwenyewe alikuwa na shamba Mkata. "Basi, yaishe. Wilayani hakiendi kitu. Mwalimu Yusta, rudi darasani kwako, na utusamehe."

Yusta akairudisha karatasi mezani, akatoka. Sadala masikio yalimwaka kwa aibu, lakini moyo wake bado ulikuwa unatafuta pa kushika.

"Ila A wamepata wote," akasema. Maneno yalipomtoka ndipo na yeye akayasikia.

Akazivuta karatasi za A, akatafuta ya Chausiku, mwanafunzi ambaye yeye Sadala alimtegemea kuliko wote. Sabini na tano, safi, na vema nyekundu pembeni. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya ile hesabu palikuwa na alama za penseli iliyofutwa, mistari miwili inatafutana na haifikiani. Akaagiza aitwe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hapa ulichora?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Ukaona nini?"

"Halifungi."

"Sasa kwa nini ukafuta?"

Chausiku akatazama viatu vyake. "Swali katunga mwalimu," akasema. "Nikajua nimekosea mimi."