Bi Mosi na Mashine Aliyoichagua Mwenyewe

Saa mbili asubuhi umande bado haujakauka, na Bi Mosi Kibwana hana haraka. Anazunguka peku kwenye uwanja wa nyumba moja kando ya barabara ya Mlingotini, akiokota nazi zilizodondoka, makuti na mawe. Kila jiwe analipima mkononi kabla ya kulitupa nje ya ua.

"Jiwe dogo kama hili likikutana na kisu cha mashine, utalisikia hadi sokoni," anasema.

Jua linapopanda anafunga kanga juu ya suruali ya kaki, suruali ya marehemu mumewe, anapanda kitini na kuvuta choki. Injini inakohoa mara mbili, kisha inakubali. Mashine ya kijani, iliyobabuka rangi, inaanza kutembea taratibu, na nyuma yake ukoka unabaki umelala sawasawa kama mkeka.

Watu wa Bagamoyo huiita trekta la Mosi. Si trekta. Ni mashine ya kukatia majani, ya kukalia, ambayo huko ilikotengenezwa watu huitumia kwenye nyua za nyumba zao. Bi Mosi, mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, ndiye mwenye mali.

Alianza kazi ya kufyeka mwaka 1957, muda mfupi baada ya kufiwa na mumewe, kwa Mzee Bwanaheri Salumu, aliyekuwa fundi wa injini za meli. Uwanja wa mzee huyo ulikuwa wa ekari tatu, na mkewe, Bi Dija, alikuwa haoni vizuri. Alipenda kutembea nje peke yake, kwa hiyo majani hayakutakiwa kurefuka hata kidogo, kwa hofu ya nyoka.

"Nikimaliza upande wa barabarani, upande wa kisimani umeshaota," anakumbuka. "Fyekeo asubuhi, fyekeo jioni. Miaka kumi na miwili."

Mshahara ulifika shilingi mia na kumi kwa mwezi. Ndio uliowalisha na kuwasomesha binti zake wawili.

Mwaka 1969 bega la kulia likamshinda. Daktari alimwambia akiendelea kufyeka, mkono ule utakuwa wa kuning'inia tu. Hakumwambia mtu. Alihamishia fyekeo mkono wa kushoto, akaendelea kwa wiki mbili huku akiuma meno.

Aliyemgundua ni yule asiyeona vizuri. Asubuhi moja Bi Dija alisimama barazani, akatega sikio.

"Mosi, nani anafyeka leo?"

"Ni mimi, mama."

"Si wewe. Wewe nakujua. Huyu anapiga mara mbili, anapumzika. Una nini?"

Bi Mosi alikaa chini palepale, akalia. Siku ile alikunja kanga zake mbili alizokuwa akiziacha stoo, akijua jioni ataachishwa kazi. Jioni Mzee Bwanaheri alimwita, lakini alichosema kilikuwa kingine.

"Keshokutwa tunakwenda Dar es Salaam. Kuna mashine mtu anaiendesha amekaa. Nataka ukaitazame."

Dukani walikuta mashine mbili. Moja ilikuwa mpya, nyekundu, pana, inang'aa. Ya pili ilikuwa ndogo, ya kijani, iliyotumiwa na mtaalamu mmoja wa kigeni aliyerudi kwao. Muuzaji akaanza kumweleza mzee juu ya nguvu za farasi na upana wa kisu. Mzee akamkatiza.

"Usinieleze mimi. Atakayeikalia ni huyu. Mwulize yeye."

Bi Mosi anasimulia: "Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na hakuna aliyewahi kuniuliza nataka chombo gani cha kazi. Hata lile fyekeo nilipewa tu."

Hakwenda mikono mitupu, hata hivyo. Kwenye pindo la kanga alikuwa na kamba ya usumba, aliyoipima kati ya minazi miwili iliyokaribiana kuliko yote uwanjani. Akainyoosha juu ya ile nyekundu. Haikupita. Ya kijani ilipita, na nafasi ikabaki. Kisha akainama, akachungulia chini ya injini ya kila moja.

"Mkanda wa hii nyekundu ukikatika?"

"Unaagizwa Ulaya, mama. Miezi mitatu hivi," muuzaji akajibu, huku akitabasamu.

"Huu wa ile ya kijani unafanana na wa mashine ya kusaga ya Mrisho. Naushika kila nikipeleka mahindi."

Muuzaji alicheka. Mzee Bwanaheri hakucheka; aliupima mkanda ule, upana na urefu, kwa kamba ileile. Walirudi Bagamoyo bila kununua kitu, wakaenda moja kwa moja kwa Mrisho, wakamwomba azime mashine yake. Mkanda ulikuwa wa upana uleule, umezidi urefu kidogo tu. "Hilo si tatizo," mzee akasema. "Nitasogeza puli, gurudumu lile la mkanda, ukaze." Kesho yake wakaifuata ile ya kijani.

Siku ya kwanza Bi Mosi alibomoa banda la kuku. Wanawake waliokuwa wakipita walicheka hadi wakashika mbavu. Mzee alimfundisha kusafisha plagi, kubadili oili na kunoa kisu, na baada ya mwezi hakuna aliyecheka tena.

Ulipoingia mwaka 1974, vipuri vikawa adimu. Ile nyekundu, iliyokuwa imenunuliwa na mwenye shamba mmoja upande wa Makurunge, ilikatika mkanda ikasimama, kuku wakatagia kitini. Ya kijani ilikuwa ikila mikanda ya Mrisho.

Mwaka uliofuata Bi Dija alifariki. Mzee Bwanaheri aliuza nyumba ili ahamie Tanga kwa binti yake, na siku ya kuondoka akamkabidhi Bi Mosi karatasi yenye sahihi yake na ya mjumbe: mashine ni yake.

"Nilimwambia, baba, nitakushukuru kwa lipi? Akaniambia, umemtembeza mke wangu miaka kumi na minane hajakanyaga nyoka. Mimi ndiye wa kushukuru."

Anafuta macho kwa ncha ya kanga. Leo anahudumia nyumba sita, shilingi kumi na tano kila uwanja, na kila mwisho wa mwezi hukata majani ya makaburini, alikozikwa Bi Dija. Hayo hayalipishi.

Sasa zahanati moja ya jirani imepata fedha za kununua mashine kama yake, na imemwomba Bi Mosi aende Dar es Salaam kuichagua. Amekubali kwa sharti moja: aandamane na Ashatu Mgeni, ambaye kwa miaka tisa amekuwa akifyeka uwanja wa zahanati hiyo akiwa ameinama.

"Mimi nitatazama mkanda," anasema. "Mengine ni ya Ashatu. Baadaye nitamfundisha."

Safari ni Jumatatu ijayo. Ashatu, mama wa watoto watano, amesimama kando ya mashine akisikiliza. Anapoulizwa ataijuaje iliyo nzuri, anakigusa kiti cha mashine.

"Nitaikalia," anasema. "Nikiinuka bila kushika kiuno, nitawaambia waifunge tuondoke nayo."